Plagi Iliyokatwa Mguu

Usigeuze uso. Najua unataka kusema hadithi hii haikuhusu, kwamba wewe hupigi gitaa wala hujawahi kupanda jukwaani. Lakini ulikuwapo. Ulikaa pale kwenye viti vya plastiki, soda mkononi, ukamwona mwimbaji akishtuka na kuruka, mdomo wake ulipogusa maikrofoni, ukacheka. Ukaona maikrofoni imevalishwa soksi, ukauliza, "Leo ina baridi?" na meza nzima ikacheka nawe. Swali la pili hukuuliza. Sisi hatuna desturi ya swali la pili. Tuliuona ukuta wa shule umepinda, tukasema utakaa. Tuliuona mfuniko wa shimo la maji machafu umevunjika, tukajifunza kuruka. Mtu mmoja hakujua kuruka. Nyinyi mmeshamsahau, mimi bado namkumbuka.

Basi kaeni, msikie yaliyoikuta nyumba moja.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, mlango wa bluu, dirisha likitazama barabara. Chini ya dirisha kilikaa cherehani cha mke. Mtaa mzima ulimwita Mama Chiriku, kwa sababu binti yake hakunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni. Mume alikuwa mchora mabango: maduka, vinyozi, gereji, milango ya malori. Lakini hakuna aliyemwita mchoraji. Walimwita Nyuzi, kwa jinsi alivyozibembeleza nyuzi za gitaa lake. Jumamosi na Jumapili mchana mume na mke walipiga muziki katika ukumbi wa mtaa wa pili, yeye gitaa na sauti ya kuitikia, mkewe sauti ya kwanza.

Alasiri za katikati ya wiki ndizo Mama Chiriku alizozipenda. Nyuzi alirudi, akatoa rangi vidoleni kwa mafuta ya taa, akavuta stuli, akawasha amplifaya yake. Ilikuwa ndogo, haizidi kreti ya soda, na ilikuwa ya valvu: vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya kaa la moto, kama vilivyokuwa ndani ya redio za babu zetu. Ilichukua muda kupata joto. Halafu sauti ikatoka, nene, tamu, ndogo kiasi cha kukaa chumbani bila kumsukuma mtu. Mama Chiriku alikanyaga cherehani kwa mapigo ya gitaa bila kukusudia, na wimbo ukiwa na madaha, hata mshono wa sketi ya mteja ulitoka na madaha. Chiriku alikaa chini akipanga vifungo kwa rangi, akiwasimulia vifungo hivyo habari za shuleni.

Amani hiyo ilivunjwa na suruali.

Gavana alikuja kupunguziwa suruali. Huyu alikuwa mpiga gitaa wa bendi kubwa, mtu wa kofia na manukato, ambaye hata akinunua chumvi huongea kana kwamba kuna wapiga kura. Alisimama mlangoni, akaitazama ile amplifaya, akachuchumaa kuitazama vizuri.

"Nyuzi, ndugu yangu. Hiki nini? Kiberiti?"

"Amplifaya."

"Na ndicho unachokwenda nacho ukumbini? Ndiyo maana! Jumamosi nilikuwa nimekaa mbele kabisa, naona vidole vinatembea, sauti siisikii. Nikadhani unajikuna."

Mama Chiriku alicheka, maana kichekesho ni kichekesho. Alipomtazama mumewe alinyamaza.

Gavana hakusema uongo. Ukumbini ile ndogo ilizama chini ya drami kama kijiko ndani ya uji. Nyuzi alilijua hilo, ila lilikuwa halijasemwa mbele ya mke na mtoto. Tangu siku ile hakumaliza wimbo. Alianza, akaacha katikati, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Bango la kinyozi alilichora herufi zikipanda kilima. Usiku alijigeuza kitandani hadi mkewe akamwambia, "Baba Chiriku, ama lala ama amka, usijigeuzegeuze hivyo kama chapati."

"Nataka amplifaya ya kweli," akasema gizani.

"Basi tutaitafuta. Lala."

Walikwenda duka la vyombo vya muziki pamoja. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, miwani kaipandisha kipajini. Hakukimbilia kuuza.

"Unataka ya nyumbani au ya jukwaani?"

"Yote mawili," akasema Nyuzi. "Uwezo wetu ni wa moja."

"Hapo ndipo wanaume wengi wanapopotea. Njoo huku." Akawaonyesha moja ya wastani, ya wati kumi na tano. "Sikiliza, mwanangu. Amplifaya ya valvu haiimbi ikiwa imelala. Lazima uisukume kidogo, vile vichupa vitoe jasho, ndipo sauti inakuwa tamu. Ukinunua kubwa mno, nyumbani hutaisukuma kamwe, utavunja vikombe. Hii ina swichi ya kuipunguza nguvu. Nyumbani unaipunguza, ukumbini unaweka maikrofoni mbele yake, spika za ukumbi zinaibebea mzigo. Na imekaguliwa, nakupa na dhamana. Kaa, piga."

Nyuzi akapiga. Mama Chiriku hakuwa mtaalamu wa vyombo, ila mabega ya mumewe aliyajua. Aliyaona yakishuka, kwa mara ya kwanza tangu ile suruali.

"Hiyohiyo," akasema mkewe.

Lakini Nyuzi alipoacha kupiga aliitazama. Iliishia magotini mwake. Na mkewe akaona, wazi kama mchana, kwamba mumewe haoni tena amplifaya. Anamwona Gavana amechuchumaa.

"Tutafikiria," akamwambia muuzaji.

Njiani mke alimwuliza, "Tulikuja kununua amplifaya au mdomo wa Gavana?"

"Wewe huelewi mambo ya jukwaa."

"Mimi nasimama jukwaa hilohilo, baba. Tena mbele."

Akaongeza mwendo. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili lilikuwa na mwenye nalo aliyeamua kuliziba kwa kidole chake mwenyewe.

Siku chache baadaye aliipata aliyoitaka, katika ghala la bendi iliyovunjika. Bei ileile ya ile ya dukani, akaongezea na ile ndogo yake ya zamani. Ilikuwa ya wati mia, kubwa kama kabati la nguo, mpini umeng'oka, kifuniko cha nyuma hakipo, valvu zimeachwa wazi kama meno. Mwenye ghala alipoiwasha ikaanza kunguruma kabla hata ya kuchomekwa gitaa.

"Mbona inanguruma?" akauliza Mama Chiriku.

"Simba huyo, shemeji. Ulitaka alie kama paka?"

Nyuzi akacheka. Mkewe akaona kicheko kile kimekwisha kununua.

Nyumbani haikupita mlangoni mpaka meza ya kulia ilipotolewa nje. Kitanda cha Chiriku kilisogezwa kikaziba kabati. Na yote aliyoyasema yule muuzaji yakaja kukaa nao kama mgeni asiyeaga. Nyuzi alizungusha kitufe kidogo: sauti nyembamba, kavu, kama mtu anayeongea na jino linamuuma. Akazungusha unywele mmoja zaidi: sahani zikatembea rafuni, na jirani akapiga ukuta kwa kiatu. "Baba Chiriku! Tuonee huruma, tuna mzazi humu!" Palipo na utamu hakupafikia kamwe. Aliigeuza ikatazama ukuta. Akaifunika godoro. Akabadilisha valvu, akazirudisha. Na hata asipopiga chochote, ule mngurumo ulikuwepo, mnene, usio na mwisho, umekaa katikati ya chumba. Waliula na mboga. Mama Chiriku alishona mshono ukipinda, akafumua, akashona tena. Chiriku aliacha kuvisimulia vifungo habari za shuleni. Nyumba ikawa ya watu wanaoinuka na kukaa.

Ndipo alipoitwa Daktari. Udaktari wake ulikuwa wa redio na pasi. Jina alijipa mwenyewe. Alisikiliza mngurumo kichwa kikiwa upande, akaivuta plagi kutoka ukutani. Ilikuwa plagi ya miguu mitatu.

"Ugonjwa ni huu," akasema, akiushika ule mguu wa juu. "Huu ndio unaoleta kelele. Tunaukata."

Akatoa koleo. Kac. Mguu ukaruka, ukaviringika hadi chini ya cherehani. Akakichokonoa kitundu cha juu cha soketi kwa bisibisi ili matundu mawili ya chini yafunguke, akaichomeka plagi yenye miguu miwili, akawasha.

Kimya. Kimya kitamu ajabu. Nyuzi alimkumbatia.

"Na ule mguu ulikuwa wa kazi gani?" akauliza Mama Chiriku.

"Urembo wa kiwandani, mama. Nimewakatia wengi. Hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika."

Aliyekufa harudi kulalamika. Liwekeni hilo moyoni, twende.

Urembo! Mguu ule ndio njia ya kutokea. Ndani ya kila chombo cha chuma umeme unaweza kupotea: waya unachakaa, unagusa bati, na bati lote linakuwa na umeme. Mguu wa tatu, ambao mafundi huuita waya wa ardhi, huuchukua umeme uliopotea na kuupeleka chini, na swichi kuu ikakata. Ukiuondoa, umeme uliopotea unabaki humo unangoja. Unangoja mtu aguse huku na huku, awe yeye waya. Na gitaa la umeme, ndugu zangu, nyuzi zake zimeungana na bati la amplifaya. Ukishika nyuzi umelishika bati. Ule mngurumo ulikuwa dalili ya kwamba kuna kitu kibovu. Daktari hakuponya ugonjwa. Alimkata mgonjwa ulimi.

Chiriku ndiye aliyetangulia kujua. Alitoka kuoga, miguu mibichi, akaegemea lile kabati la amplifaya.

"Mama, sanduku limenitekenya."

"Limekufanyaje?"

"Limenitekenya hapa," akionyesha kiwiko, na hakuwa akicheka.

Mama Chiriku aligusa bati kwa nyuma ya kidole. Akahisi kama sisimizi wengi wanapita chini ya ngozi. Siku ileile alihamishia kitanda cha mtoto chumba cha pili, na mumewe aliporudi hakumpa hata nafasi ya kunawa.

"Lile dude linauma."

"Mama Chiriku, zote huuma kidogo. Muulize mpiga gitaa yeyote."

"Ile ndogo haikuuma."

"Ile ndogo ilikuwa kiberiti."

Na kweli, alipowauliza wengine waliitikia kwa umoja. Kila Jumamosi lile kabati lilipelekwa ukumbini kwa mkokoteni, na huko kuumwa ilikuwa mila. Wapiga gitaa walipanda jukwaani na kandambili za mpira, suti juu, kandambili chini. Mwimbaji mgeni alifundishwa mambo mawili: mlango wa choo uko wapi, na asiguse maikrofoni kwa mdomo. Na maikrofoni ilivalishwa soksi, soksi nene ya mpira wa miguu, nyekundu, iliyooshwa kila baada ya wiki mbili. Waliitungia vichekesho. Waliipa jina la mchezaji. Nataka muone akili iliyotumika hapo. Watu wenye akili ya kutafuta soksi, kuikata vidole, kuifunga kwa lastiki, kuiosha! Akili yote hiyo wakaitumia kuepuka kazi ya plagi mpya.

Mama Chiriku alimwendea Mwenye Ukumbi ofisini kwake, chumba chenye feni na kalenda za miaka iliyopita.

"Mzee, jukwaani kuna umeme."

"Bila umeme mngepigaje?"

"Naongea kweli, mzee. Maikrofoni inauma. Mume wangu akishika gitaa akasogeza mdomo, inamuuma."

"Si ina soksi?"

"Soksi ikilowa mate je?"

Mwenye Ukumbi akacheka mpaka akakohoa. "Mama Chiriku, ninyi waimbaji mna ngozi laini. Amplifaya si yangu, ni ya mumeo. Kamwambie mumeo."

Mumewe naye akasema, "Nitabadilisha hiyo plagi. Tukimaliza tu hii Jumamosi."

"Ukibadilisha itanguruma tena."

"Ndiyo maana nasema tumalize Jumamosi."

Na mke akakubali. Hili simfichii. Ukumbi ulikuwa unaleta mkate, na mtu aliyeambiwa na kila mdomo kwamba hakuna jambo hufika mahali akajishuku mwenyewe. Sauti yake ilikuwa moja tu. Yako ilikuwa wapi?

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha. Onyesho lilihamishiwa uani, kwenye jukwaa la saruji, kwa sababu Mwenye Ukumbi alikuwa amemleta mpiga picha: alitaka picha za kubandika mjini kote. Saruji ilikuwa bado nyeusi kwa maji. Vijana wa usafi walikuwa wakiyasukuma kwa mifagio, yakirudi.

Mwenye Ukumbi alipita mbele ya bendi kama mkaguzi wa gwaride.

"Nyuzi! Kandambili kwenye picha yangu? Vaa viatu."

Nyuzi akavaa viatu vya ngozi, soli zimechoka.

"Na hiyo soksi ivueni. Watu waseme tunaendesha ukumbi au tunaanika nguo?"

Mpiga picha akacheka, bendi ikacheka. Soksi ikavuliwa. Mama Chiriku alimtazama mumewe. Mumewe alimkonyeza, maana yake: wimbo mmoja, picha moja, tumemaliza.

Nyimbo mbili za mwanzo Nyuzi alikaa nyuma. Lile kabati, lazima tuseme ukweli, uani lilikuwa mahali pake. Hatimaye liliweza kusukumwa, vichupa vikatoa jasho, na sauti aliyoitafuta wiki zote zile ikatoka. Watu waliinuka vitini. Mama Chiriku aliimba huku akimwona mumewe uso umefunguka, na kwa dakika chache akasahau kila kitu. Wimbo wa tatu ulikuwa wa kuitikiana. Mke akaimba mstari wake, akasogea pembeni. Mume akaja mbele kuitikia, mkono wa kushoto umebana nyuzi shingoni mwa gitaa, akainamisha mdomo.

Akatetemeka. Gitaa likatoa ukelele mmoja mrefu usiobadilika. Magoti yalicheza, kichwa kilicheza, mdomo haukuachana na maikrofoni. Nanyi mkapiga makofi. Mlidhani ni mbwembwe! Kuna aliyepiga mluzi. Kuna aliyesema, "Leo Nyuzi kapandwa!" Mpiga picha akapiga picha.

Mama Chiriku alinyoosha mkono kumshika. Ulikuwa umebaki upana wa kiganja. Kilichomzuia ni wale sisimizi. Aliwakumbuka kwenye kidole chake, akajua wanatoka wapi, akajua kwamba akimshika mumewe, Chiriku atabaki peke yake. Aligeuka akakimbia. Aliruka spika, akaangukia goti, akainuka, akafika ukutani pale waya mrefu ulipochomekwa, akaung'oa kwa mikono miwili.

Ukelele ukakatika. Nyuzi akaanguka chali na gitaa juu yake.

Makofi yaliendelea kidogo, kisha yakaona haya.

Hakufa. Msishukuru haraka. Mpiga drami alimkandamiza kifua mpaka pumzi ikarudi, gari la mtu likampeleka hospitali. Alipofunguliwa kiganja, vidole vinne vilikuwa na mistari myeusi, mmoja kwa kila uzi alioubana, imezama hadi kwenye nyama. Mdomo wa chini ulipasuka. Daktari, safari hii wa kweli, alisema moyo utatulia, vidole havitanyooka.

Havikunyooka. Mkono wa kushoto wa Nyuzi umekunjwa kama unaoshika kitu. Gitaa limekwisha, hilo mmeshaelewa. Lakini mchora mabango naye hushika ngazi kwa mkono wa kushoto, na mkono usioshika hauwezi kupanda. Sasa anakaa kibarazani. Mkewe anashona mchana kutwa, na cherehani kinakwenda kwa mapigo yaleyale, moja moja, bila wimbo. Mwanzoni Chiriku aliuogopa ule mkono. Kisha akaanza kuushika na kujaribu kuunyoosha kidole kimojakimoja, akiongea nao. Baba yake humwacha. Hutazama barabarani.

Na mtaa ulikuja. Mlileta sukari, mkaketi, mkasema ajali haina kinga. Mmoja wenu alisema huenda kuna mtu alimwonea kijicho. Mwenye Ukumbi alituma salamu na picha.

Nyuzi alipokuwa bado wodini, walikuja vijana na mkokoteni kulichukua lile kabati, lililokuwa limerudishwa nyumbani jioni ya onyesho. "Kwa muda tu, shemeji, ukumbi usilale." Mama Chiriku alikuwa na mgonjwa wa kumpelekea uji, hakuwa na nguvu ya kubishana. Lakini Jumamosi iliyofuata alisikia gitaa kutoka mtaa wa pili. Aliijua sauti. Aliweka mkasi chini, akamwachia jirani mtoto, akaenda na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Aliyekuwa jukwaani ni Gavana. Bendi kubwa ilikuwa mapumzikoni, ameazimwa. Kofia kichwani, manukato mpaka mlangoni, na miguuni kandambili mbili kwa kila mguu, zimefungwa pamoja kwa utepe wa gundi. Soksi ilikuwa imerudi. Watu wamejaa.

Mama Chiriku alipita katikati ya meza mpaka mbele. Gavana akasimamisha wimbo kwa heshima.

"Shemeji. Pole sana. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Gavana, umevaa kandambili za nini?"

"Ah. Tahadhari tu, shemeji."

"Tahadhari ya nini?"

Gavana akatazama kofia ya mtu wa meza ya kwanza. "Tahadhari... ya kawaida."

"Ya kawaida ni nini? Sema, watu wasikie. Unaogopa nini hapo ulipo?"

Mwenye Ukumbi alikuwa ameshafika, mkono begani kwake. "Mama, tunajua una uchungu. Ajali haina kinga. Njoo ofisini, unywe maji."

"Ina kinga!" Sauti yake haikuhitaji maikrofoni. "Ilikuwa na miguu mitatu, ikakatwa mmoja, na nyote mnajua. Mngekuwa hamjui, mngevaa viatu! Mwulizeni huyu kwa nini amevaa mpira juu ya mpira. Mwulizeni nani anaifua hiyo soksi. Mimi nilidhani ninyi hamjui, nikajiona mjinga kwa kuogopa. Kumbe mnajua kuliko mimi!"

Hakuna aliyemtazama. Watu wazima, baba za watu, mama za watu, walitazama ndani ya glasi zao kana kwamba kuna kitu kimezama humo.

Mpiga drami aliweka vijiti juu ya kiti, akashuka, akasimama kando ya Mama Chiriku. Huyo mmoja. Wa besi alisogea hatua, kisha akamwona Mwenye Ukumbi anavyomtazama, akarudi. Gavana alibaki na gitaa shingoni, akilamba midomo.

"Piga," akasema Mwenye Ukumbi.

Akapiga. Bila drami akapiga. Na nyinyi mkaanza kutikisa vichwa, kisha mabega.

FUNZO

Mnaponunua chombo, nunueni kinachowatosha, kilicho kizima. Chumba chako ndicho kipimo, kazi yako ndiyo kipimo. Mdomo wa jirani si kipimo. Kidogo kilichokaguliwa ni kikubwa kuliko kikubwa kilichokatwa. Hilo ni la mnunuzi, na Nyuzi amelilipia.

Lakini funzo kubwa si lake, ni letu. Hatari inayojulikana na watu wote si ajali. Tukishaizoea tunaitungia vichekesho, na kichekesho ni namna ya kukubaliana kwamba atakayekufa ni mwingine. Mtu mmoja akisema "hapa kuna umeme" na mia wakacheka, wale mia ndio waliokata ule mguu, hata kama koleo lilikuwa la mwingine.

Mpaka hivi ninavyoandika, Gavana yu hai. Kabati liko palepale, plagi ile ileile. Jumamosi atapanda tena. Wewe unaujua ukumbi huo. Na kama si huo, unaujua mwingine, au nyumba ya ibada, au saluni, au chumba chako mwenyewe chenye pasi inayotekenya. Usingoje Jumamosi. Usinitumie salamu za pole. Simama, nenda sasa hivi, ikiwa wameshaanza pita katikati ya meza, fika ukutani, chomoa, na usimame mbele ya hiyo soketi mpaka fundi wa kweli aletwe. Wakikucheka, kaa hapohapo. Nenda. Kwa nini bado unasoma?